Mbuzi Aliyetuchagulia Miti

Mtaa wa stesheni pale Mpanda, miaka ya sabini, mimi niliuita mtaa wa kihistoria. Neno hilo nililitoa Tabora nilikosoma sekondari, pamoja na suruali mbili na tabia ya kusahihisha Kiswahili cha watu wazima. Nyumba za mtaa ule zilijengwa wakati mgodi wa madini ya risasi ulipofunguliwa na reli ikaletwa: misingi ya mawe, baraza ndefu, mabati yaliyokwisha kushika kutu. Mgodi ulishafungwa, na nyumba zilikuwa zimebaki zikitazama reli. Mwenyekiti wa mtaa, mzee aliyekuwa mnyapara mgodini, aliposikia neno kihistoria alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema ana viatu vilivyotangulia mtaa huu. Akaingia ndani, akavileta, akaviweka barazani ili niviheshimu navyo.

Nilikuwa karani mdogo wa ofisini, na mwaka mmoja uliletwa wito kwamba mitaa ipandwe miti. Kwa kuwa nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nilifanywa katibu wa kamati ya miti ya mtaa wetu. Kamati ilikuwa ya watu watatu: mwenyekiti, katekista aliyekaa nyumba ya mwisho, na mimi. Wito ulisema kivuli. Uzuri niliuongeza mwenyewe. Nilikuwa nimeona katika kitabu picha ya barabara ya mji fulani yenye mijakaranda pande zote mbili, chini pametandikwa maua ya zambarau, na hakuna hata kuku mmoja. Kukosekana kwa kuku kulinigusa sana. Niliona huo ndio ustaarabu.

Ukweli ni kwamba mti wa kivuli mtaani ulikuwepo tayari, mmoja tu. Ulikuwa mtundu, mti wa porini, uliosalia tangu wajenzi wa reli walipofyeka pori. Ulipinda kuelekea stesheni kama mtu anayetegea sikio habari za watu. Ubavuni ulikuwa na kovu refu kama mlango, mahali ambapo zamani mrina asali mmoja aliubandua gome atengeneze mzinga. Chini yake palikuwa na mabenchi matatu ya mama wa chai.

Mama wa chai alikuwa mjane wa mtu wa reli, mzaliwa wa Inyonga. Treni iliyotoka Kaliua ilipofika, abiria waliteremka wamejaa vumbi na njaa, wakakaa chini ya mtundu kungoja malori ya kwenda vijijini. Na waliokuwa wakiondoka walikuja mapema, wakakaa palepale kungoja treni ambayo haikuwa na haraka na mtu. Walikaa kwa sababu ya kivuli, na kwa kuwa wamekaa, walikunywa chai na kula maandazi. Mama alisomesha watoto wake wawili kwa chai ile. Kaka yake huko Inyonga kila mara alimtumia salamu kwamba arudi wakalime tumbaku, naye kila mara alimjibu kwamba mgongo wake umezoea kusimama wima.

Basi kamati ikaanza kuchagua miti. Mwenyekiti alitaka miembe. Nilimwambia miembe ni ya Tabora, tutaonekana tunaiga. Katekista hakutaka mti wowote unaozaa kitu cha kuliwa, kwa sababu ya vishawishi kwa watoto wa mafundisho. Wakazi nao walikuja mmoja mmoja kutoa maoni. Mmoja alitaka mti ambao watoto hawawezi kuukwea. Mwingine alitaka mti unaotibu tumbo. Wote walitaka mti mkubwa, na wote walitaka upandwe mbele ya nyumba ya jirani, kwa sababu ya kufagia majani.

Kikao cha tatu, mwenyekiti alisema tunabishana bure. Katika mji huu, alisema, mwenye uamuzi juu ya mche wowote ni mbuzi. Nilijaribu kuchukia, lakini alikuwa amesema kweli. Mbuzi wa Mpanda walitembea huru kuliko sisi. Yeye mwenyewe alifuga dume moja jeusi lenye ndevu, lililokwisha kula pazia la jirani na ukingo wa kofia ya mtu aliyesinzia stesheni. Alipendekeza tulishindishe na njaa, tupange aina zote za miche mbele yake, kisha tulifungulie. Mche litakaoukataa ndio utakaopandwa.

Siku hizo neno beberu lilitajwa sana redioni, na halikutajwa kwa wema. Katekista aliuliza kama ni busara kumpa beberu kura katika mtaa wa wakulima na wafanyakazi. Tulikubaliana kwamba ndani ya kikao aitwe mbuzi dume.

Tulimpima asubuhi ya Jumamosi, mbele ya nyumba ya mwenyekiti. Mtaa mzima ulikuja, na abiria wa treni waliacha mizigo yao wakaja pia. Niliipanga miche katika makopo: mjakaranda wangu mwanzo kabisa, kisha mkrismasi, mjohoro, mwarobaini, na mwembe mmoja niliouweka kwa heshima ya wazee. Mbuzi alifunguliwa. Mjakaranda wangu aliumaliza kabla sijarudi nyuma. Akala mkrismasi. Akala mjohoro, ambao niliapa mbuzi hali. Mwarobaini aliuonja, akakunja uso, akafikiri, akaula. Mwembe aliula pamoja na kamba iliyofungwa kopo.

Ndipo katekista alipoweka chini kopo lake. Alikuwa amekuja na kijiti kinene cha kijivu, kisicho na jani hata moja. Palipokatwa palitoka utomvu mweupe kama maziwa, na nchani palikuwa na shada la maua meupe yenye moyo wa njano, yanayonukia kama sabuni ya bibi harusi. Alisema misheni viko vingi, ukikata kipande ukakichomeka ardhini kinashika chenyewe. Mbuzi alikinusa kijiti kile. Akapiga chafya. Akageuka akaenda kula kikapu cha abiria.

Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, kwa sababu nilikwisha kuona picha yangu ya kitabuni ikigeuka kutoka zambarau kuwa nyeupe. Hakuna aliyeuliza ni upande gani wa misheni ambako viko vingi. Na hilo ndilo la ajabu, kwa sababu sote watatu tulikuwa tumesimama chini ya mti ule mara nyingi, kofia mkononi, tukizika watu. Ulipandwa kichwani mwa kila kaburi. Hakuna mtu wa Mpanda asiyeujua. Lakini mti ukiutoa mahali pake ukautia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na mbuzi akaupigia chafya mbele ya umati, unafanana na mti mwingine wowote. Katekista alikuja kuniambia baadaye kwamba yeye alijua, ila kwake makaburi ni mahali pa matumaini, hakuona sababu ya kulitaja.

Kosa langu kubwa halikuwa hilo. Kosa langu kubwa lilikuwa kamba.

Nilivuta kamba kutoka stesheni mpaka nyumba ya katekista ili vijiti vikae katika mstari mmoja, na kamba ikagonga mtundu wa mama wa chai. Mti wenyewe ulikuwa umeutoka mstari kwa hatua moja. Ningeweza kuizungusha kamba. Ningeweza kuuacha mti usimame pale ulipo na mstari ukaendelea upande wa pili, na hakuna ambaye angekuja kupima. Lakini mti ule ulikuwa umepinda, una kovu, na mwezi wa tisa viwavi walianguka kutoka juu wakaingia kwenye vikombe vya watu. Nilisema lazima uondoke. Mwenyekiti alikuna kidevu akasema mimi ndiye niliyesoma. Hilo lilinifurahisha, wala sikuona kwamba alikuwa ananiachia mzigo.

Nilikwenda kumwambia mama mwenyewe. Alikuwa anakanda unga wa maandazi na hakuacha kukanda.

"Abiria wangu watakaa wapi, bwana katibu?"

"Mama, miti mipya itakua. Kivuli kinakuja."

"Kinakuja na treni ya lini?"

Nilimweleza kuhusu mstari. Nilimweleza kuhusu uzuri na historia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba watu wakipigwa jua hawakai, wasipokaa hawanywi, na wasipokunywa yeye atarudi Inyonga kwenye tumbaku, na watoto watatoka shule. Alisema hivyo kama mtu anayesoma saa za treni, bila kupandisha sauti. Nilimjibu kwamba maendeleo yana gharama. Leo nikikumbuka sentensi ile, nikiwa peke yangu, najikuta nakohoa.

Mtundu uliangushwa. Kulipopambazuka kesho yake, kisiki kilikuwa kinatoa maji mekundu, na mabenchi matatu yalikuwa juani kama watu walioachwa na lori. Mama alifunga shuka juu ya fito, akaendelea kuuza. Nami nikaenda na katekista na mkokoteni kule nyuma ya misheni. Tulikata vipande, tukavichomeka mtaa mzima, kimoja mbele ya kila mlango, katika mstari ulionyooka kiasi kwamba nilisimama stesheni nikafumba jicho moja kuutazama. Mbele ya mabenchi ya mama nilichomeka viwili, kama fidia.

Katekista hakusema uongo. Vilishika. Havikutoa majani kwanza, vilitoa maua, na mtaa mzima ulisimama umeshika mishumaa myeupe. Nilijiona mshindi kwa muda wa siku chache.

Wa kwanza walikuwa Wapimbwe walioshuka kutoka kwenye lori na magunia yao ya mpunga. Walikuwa wanacheka. Walipoingia mtaani waliona ule mti mlangoni mwa nyumba ya kwanza, wakapunguza sauti. Mbele ya nyumba ya pili wanaume walivua kofia. Kufikia ya nne wanawake walikuwa wamejifunga kanga kiunoni. Mzee wao alimwendea mwenyekiti, aliyekuwa barazani akichokoa meno, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Poleni sana, mzee mwenzangu. Ni ugonjwa gani umeingia mtaa mzima?"

Mwenyekiti hakuelewa, lakini alikuwa mtu wa adabu, akajibu kwamba wameshapoa.

Kuanzia siku hiyo mtaa wetu ukawa wenye msiba usio na maiti. Wageni walipita wakitazama chini. Baiskeli zilishukwa na kusukumwa. Mlevi mmoja wa mtaa wa nyuma aliligundua jambo hili mapema kuliko ofisi yetu, akahamia kwetu mchana kutwa, akakaa chini ya kijiti chochote akipokea pole, na mara nyingi pole ilikuja na kitu mkononi. Mwanamke mmoja wa Litapunga, aliyekuja kumtembelea dada yake, aliuona mti mlangoni akaanza kulia tangu barabarani. Dada yake alitoka akakuta analiliwa, naye akalia kwa sababu alidhani kuna msiba huko Litapunga. Waliliana vizuri kabla hawajaulizana. Kuku aliyekuja naye alichinjwa hata hivyo, maana alishatolewa.

Habari zilifika hata Kasekese, kwa wakwe wa mwenyekiti, kwamba nyumba yake ina mti wa kaburi mlangoni. Walikuja na lori la pamba, wamebeba unga na sufuria, wakaingia uani wakiomboleza jina lake. Walimkuta anakula ugali. Nilifika mimi kabla hawajamaliza kunyamaza. Mkwewe mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti, alikuwa amechukia kweli.

"Tumepanda lori tangu alfajiri, shemeji. Sasa wewe unatuambia huna lolote?"

"Nilikuwa sijisikii vizuri juzi," mwenyekiti alisema kwa aibu.

Alinitazama mimi aliposema hivyo. Wakwe walikaa siku zote za matanga, kwa kuwa walishajiandaa, na walikula kama watu wanavyokula msibani. Tulicheka mtaani. Hata katekista alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kitabu. Mimi nilicheka kidogo, kwa sababu nilikuwa nimepita stesheni asubuhi ile nikaona kilichokuwa kinampata mama wa chai.

Kwenye msiba chai haiuzwi. Hilo mtu hafundishwi. Ukifika kwenye matanga ukapewa kikombe, unakunywa, unatoa pole, unaondoka. Abiria walioshuka kwenye treni walikuta mwanamke mjane, kanga mbili, shuka limefungwa juu ya fito kama wafanyavyo kwenye msiba, mabenchi yamepangwa, na miti miwili ya makaburi imesimama mbele yake, ile niliyompa kwa fidia. Walikaa wameinama. Walikunywa taratibu. Walikula maandazi kwa huzuni. Kisha walisimama, wakampa mkono, wakamwambia Mungu atakufariji, wakapanda malori yao. Wachache aliowakimbilia kudai walimtazama kwa mshangao na huruma, kama mtu ambaye uchungu umempanda kichwani, wakamsihi apumzike.

Nilimkuta amekaa juu ya kisiki cha mtundu, birika tupu miguuni. Alisema amevumilia jua, na jua peke yake angeliweza. Hili la kulishwa pole hawezi. Ametuma habari kwa kaka yake.

"Jumatatu naondoka. Ukawaambie kamati yako."

Niliong'oa vile viwili vyake kwa mikono yangu, mbele yake, shati la ofisini likajaa utomvu ambao haukutoka tena. Nilikwenda kwa mwenyekiti, nikamwambia mstari wote ung'olewe. Hakubisha. Wakazi walitoka kila mmoja akang'oa chake, wakavitupa walikotupa, na mbuzi alisimama akitazama bila kutia neno. Lakini nilijua haikutosha. Kivuli hakirudishwi kwa kung'oa.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, mengine ya Tabora kabisa. Nilikuta ameshafunga vikombe kwenye kapu, mabenchi yamepinduliwa yamefungwa kamba. Nilipofungua mdomo aliniuliza kama mikono yangu ina kazi nyingine. Nikasema haina. Akaniambia nibebe benchi.

Nililibeba kichwani nikaelekea kwenye malori. Alinipita, akaikata barabara, akavuka reli. Nilisimama.

"Mama, lori la Inyonga liko huku."

"Huko Inyonga nenda wewe ukalime tumbaku. Mimi nina biashara."

Ng'ambo ya reli palikuwa bado pori, hapana nyumba, hapana mstari, hapana historia. Mitundu ilisimama hovyo, mmoja huku, mwingine kule, na kwa kuwa mvua zilikuwa zinakaribia, ilikuwa imetoa majani machanga mekundu, pori zima upande ule likawa kama linawaka moto mdogo. Nilikuwa nimeishi Mpanda miaka yote ile nikitafuta mti wenye uzuri katika vitabu vya watu. Mama alikwisha kuchagua wake, uliopinda kuliko hata ule niliomkatia. Nilibeba mabenchi yote matatu, moja moja. Alinionyesha pa kuyaweka, akasogeza moja mara mbili kufuatana na kivuli, akawasha moto.

Abiria walimfuata siku ileile. Waliteremka, wakatazama upande wa nyumba za mawe, wakatazama upande wa moshi na kivuli, wakavuka reli. Muuza karanga alivuka. Fundi baiskeli alivuka. Mwenyekiti alivuka na kigoda chake na vile viatu vyake, akasema kule kwetu pamekuwa pa kihistoria mno. Watoto wa mama walimaliza shule, wote wawili. Vijiti vya makaburi, kila mahali vilipotupwa, vilishika na kutoa maua: nyuma ya choo cha katekista, kwenye mtaro, kimoja juu ya paa, sijui kilipandaje.

Mimi nilikuwa mteja wake wa kila siku. Hakuwahi kuninyima chai wala kunitolea neno baya. Ila kila nilipofika, mabenchi ya kivulini yalikuwa na watu au yalikuwa yanangoja watu, na kigoda changu kilikuwa nje kidogo, juani. Nilidhani ni bahati mbaya mpaka siku moja nilipokuta mabenchi yote ni matupu na kigoda bado kiko juani, kimefutwa vumbi. Nilimwuliza, kwa heshima, kama naweza kusogea.

"Kaa hapohapo, mwanangu. Kivuli kinakuja."

Na kweli kilikuja. Kilianza kutambaa mchana, kikafika kwenye miguu yangu alasiri, wakati ambapo kikombe kilikuwa kimekwisha kitambo na karani alitakiwa awe ofisini. Nilikaa nikakingoja hata hivyo, siku ile na nyingi zilizofuata, kichwa kinachemka, abiria wa kivulini wakiniuliza kama sioni nafasi ilivyo tele. Mama aliwajibu kwamba huyu ni mtaalamu wa miti, anapima.